Sikio na Gari Lililokataa Jumamosi

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi wa karakana ya mabasi mliokuja na ovaroli zenu, kabla karatasi hii haijasomwa familia inamwomba kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba yatakayosemwa chini ya turubai hili yataishia chini ya turubai hili, hayatafika bombani kwenye foleni ya maji, hayatafika saluni, hayatatumwa kwa simu, na wewe uliyekaa karibu na spika igeuze kidogo isielekee barabarani. Haya, mmeapa. Dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, yeye hakuapa, kwa sababu mtu hawezi kuapa na kusoma kwa wakati mmoja, kwa hiyo tuendelee.

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu la Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, baba akiwa nje amewasha lori la kazini tayari kumkimbiza mama hospitali, lakini mtoto hakungoja, na mkunga alisimulia mpaka anakufa kwamba yule mtoto alipotoka alitulia tuli akisikiliza, akaanza kulia pale baba alipozima injini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1972, akamaliza, tofauti na dada yake ambaye aliishia darasa la nne, kwa hiyo msimcheke akikwama kwenye neno refu. Hakuwa mjinga darasani, ila masikio yake yalikuwa barabarani, akisikia lori linapanda mlima anamnong'oneza mwenzake kwamba lile moja ya plagi zake imekufa, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyembandika jina la Sikio kwa kumkejeli, jina likamganda, likageuka sifa.

Mwezi Januari 1975 aliingia karakana ya mabasi kama mwanagenzi, na mwaka 1979 akawa fundi kamili wa injini, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba basi likiingia getini Sikio alifumba macho, akatamka kosa, na boneti ilipofunguliwa kosa lilikuwa palepale alipolitaja. Wageni walidhani ni kiini macho. Madereva wengine walimkwepa, maana alikuwa akisikia injini anajua pia nani ameendesha vibaya, na alisema mbele za watu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na huyu mjane mnayemwona, fundi cherehani, na hapa familia iligawanyika kama jambo hili lisomwe au lisisomwe, waliosema lisisomwe walikuwa wengi, basi lisikilizeni. Sikio alikuwa akipita kila jioni mbele ya duka la ushonaji, siku moja akasikia cherehani inagonga, akaingia, akamwambia binti wa watu kwamba mashine yake ina skrubu imelegea, akaikaza, akanyweshwa chai, akaposa. Wifi mwenyewe alimwambia dada wa marehemu, wakiwa wanachambua mchele mwaka huohuo, kwamba skrubu ile haikulegea, ililegezwa. Alikuwa amemwona kijana anapita pita bila kuingia, akaona afadhali ampe sababu. Tulicheka siku ile mpaka mchele ukamwagika, na hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke akishajua njia moja ya kumweka mwanamume karibu ataitumia tena.

Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1985 na mwana wa kiume tarehe 2 Novemba 1988, na wote wawili wapo hapa. Lakini katikati ya hao watoto aliingia mwanamke mwingine ndani ya ua huu, msigeuke kutafutana, yuko pale mbele ya geti, amefunikwa turubai jipya, rangi yake bluu, milango miwili.

Gari lile Sikio alilinunua mnadani Februari 1987, lilikuwa gari la mbio lenye turbo, limepinduka mtaroni hadi paa limekaa kama kofia iliyokaliwa, na aliyelinyoosha bati kwa bati alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mnyoosha bodi tuliyemwita Nyundo. Bati lilikuwa la Nyundo, injini ya Sikio. Alibadilisha turbo akaweka kubwa zaidi, akachonga ekzosi kwa mkono, akaweka breki za kusimamisha lori, akashusha springi mpaka gari likawa linapita juu ya lami kama pasi juu ya shuka, na kila alichoweka alikisikiliza, akakitoa, akakiweka tena. Mtaa mzima uliliita gari hilo Bi Mdogo. Wanawake wenzetu, tena wengine mko hapa mmeinama, mlikuwa mkimsalimu wifi asubuhi kwa kumwuliza mwenzio kaamkaje, na wifi alijibu kwamba kaamka vizuri, anakula kuliko mimi na hazai. Kila mtu aliamini anaona wivu. Hakuwa na wivu hata kidogo, na hilo ndilo mlilopaswa kuapia.

Mapema mwaka 1988 gari lilikataa kuwaka, na Sikio alimwita mkewe amshikie taa, akachomoa pembeni ya betri kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, rilei ya pampu ya mafuta, kilichoungua, akapachika kipya, na kwa raha zake akamfundisha, akamwambia, "Hiki kikifa, Bi Mdogo haamki, na kwa nje huwezi kujua kizima na kilichokufa." Kile kilichokufa akakitupa. Wifi, ambaye hatupi kitu, alikiokota akakitia kwenye kopo lake la vifungo.

Siku hizo vijana wenye magari walikutana kila Jumamosi kwenye barabara ya mlimani, ile inayoelekea makaburini, wakishindana kupanda. Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1988 Nyundo alipanda na gari lake mwenyewe na hakufika juu. Sikio, aliyekuwa anangoja zamu yake, alirudi nyumbani jioni na kiatu kimoja cha Nyundo mkononi, akakiweka mezani kando ya sahani, mkewe akiwa na mimba ya mtoto wa pili, na akasema neno ambalo asingelisema huenda leo tungekuwa tunasoma historia nyingine. Alisema, "Nitaupanda ule mlima kwa ajili yetu wawili. Jumamosi moja tu, nikiwa tayari." Wifi alimwomba asiende, akamlilia, akamshikisha tumbo lake, na Sikio akamjibu kwa upole kama mtu anayembembeleza mteja kwamba gari likikamilika hakuna hatari.

Basi gari halikukamilika. Katikati ya wiki Bi Mdogo aliwaka kama bibi harusi, alipeleka watoto shule, alibeba wagonjwa wa mtaa huu usiku na mchana, lakini Jumamosi Sikio akivaa viatu vyake vyepesi, akageuza ufunguo, injini inakohoa na kukataa. Akafungua boneti, akatoa nozeli, akatoa pampu, akakagua waya moja moja. Jua likipanda mkewe alileta chai, akamwambia aende kwanza kunawa mikono, na Sikio alikwenda bombani, akanawa, akanywa, akarudi, akagusa alichokuwa anagusa mwanzo, gari likawaka. Wakati huo lakini jua lilikuwa limeshapinda, wenzake wameshashuka mlimani. Alikuwa akisema chai ya mke wake inamfungua kichwa. Alilisema mara nyingi, kwa fahari, na wifi alikuwa akikusanya vikombe.

Akaamini pampu ilikuwa mbovu, akatupa pampu nzima. Akaamini nozeli, akazibadilisha zote. Aliisuka upya mifumo ya nyaya mara mbili kutoka taa hadi taa. Alifikia kuamini kwamba gari linachukia Jumamosi, na hapa mtaani tulimcheka, tena dada yake alicheka kuliko wote, hivyo akabadilisha siku, akasema atapanda Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Jumapili nayo gari likakataa.

Pigo kubwa, ndugu waombolezaji, halikuwa mlima. Fundi aliyefumba macho akasikia basi zima hakuweza kusikia kosa la gari lake mwenyewe, kwa sababu injini ilikuwa haina kosa, masikio yake yalimwambia ni nzima na ufunguo ulimwambia ni mbovu, na kati ya hivyo viwili yeye aliuamini ufunguo. Alianza kusita kazini. Akitaja kosa la basi anarudi kulikagua mara ya pili, ya tatu, na mwezi Septemba 1999 alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akaomba ahamishiwe stoo, akagawa boliti na gaskiti kwa vijana aliowafundisha mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2018. Msimamizi alijaribu kumzuia. Sikio alimjibu kwamba mtu asiyeweza kuliamsha gari lililolala uani kwake hana haki ya kugusa basi linalobeba watoto wa watu. Nyumbani aliendelea kumng'arisha Bi Mdogo, akimbadilishia mafuta kila msimu, akimfunika na kumfunua, ila neno Jumamosi halikutoka tena kinywani mwake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwishoni mwa mwaka 2021, akalazwa mara ya kwanza tarehe 6 Februari 2022, na madaktari walifanya kila lililowezekana lakini kifua kilikuwa kimechoka. Alitoa ombi moja tu, akiwaita kando ya kitanda dada yake na fundi umeme wa karakana, tunayemwita Volti, kwamba siku ya kumzika yeye, Bi Mdogo atangulie mbele ya jeneza lake, akipanda mlima kwa nguvu ya injini yake mwenyewe, asivutwe kwa kamba. Mkewe alikuwa amekaa miguuni, amemshika kisigino. Kisha alisema maneno yake ya mwisho yenye maana, alisema, "Dada, mimi sikio sikuwa nalo." Dada alimkatalia. Mkewe alimfunika miguu. Sikio alifariki dunia Jumanne ya tarehe 9 Mei 2023, kabla ya adhuhuri, akiamini hivyo, na hakuna wa kumrudisha aamini vingine.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyemfungulia dirisha ili asikie magari, kwa majirani mlioleta viti, masufuria na maneno, shukrani za viti ni kubwa zaidi, na kwa wafanyakazi wote wa karakana ya mabasi, pamoja na Volti ambaye juzi alimkagua Bi Mdogo, akampa betri mpya, akamwasha mbele ya macho yetu, akaunguruma mpaka vioo vya jikoni vikalia.

Limebaki moja. Jana jioni dada wa marehemu alikuwa anatafuta kifungo cha kushonea shati ambalo Sikio amevaa sasa hivi, maana alikuwa na shati moja tu la heshima na lilikosa kifungo cha pili, akafungua kopo la vifungo la wifi yake, na chini kabisa akagusa kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti. Hakukijua. Alimwonyesha Volti, Volti akakipima, akasema hiki ni rilei ya pampu, tena kizima, mama, sasa kilichomo garini ni kipi? Dada alimwambia afunge mdomo na asiguse gari. Alikirudisha koponi, akakaa kitandani peke yake, na skrubu ya cherehani, na chai, na Jumapili ile, vikaja kimoja kimoja na kukaa naye. Asubuhi ya leo koponi mlikuwa na vifungo tu, na alipomkumbatia wifi yake kumpa pole alihisi kwenye mfuko wa gauni jeusi kitu kigumu chenye pembe.

Leo ni Jumamosi. Volti, uko kwenye usukani, piga starta.

Mmesikia. Piga tena, baba, wale wa nyuma nao wasikie. Hiyo ndiyo sauti aliyoisikia Sikio miaka yote, na sasa mnajua alichokuwa hakijui. Wifi yetu, hakuna tena mlima wa kumzuia asiende, aliyemo humo sandukuni hakimbii, lakini tunajua ulichofanya, gari lisipowaka msafara hauondoki, na msafara usipoondoka mume wako bado yuko nyumbani. Ulimweka nyumbani akiwa hai kwa njia hiyohiyo, ukampata mzima wa mwili, na masikio yake ukayazika kabla yetu. Hatukuulizi kwa nini, kila mwanamke aliyekaa hapa anajua kwa nini, na hakuna hata mmoja wetu anayejua la kukufanya. Ila huyu amekufa akijidharau, na watu wote waliomcheka wapo hapa.

Geukeni mtazame mkono wake wa kulia, ule ulio mfukoni. Wifi, utoe. Fungua kiganja, kiinue juu, wa karakana wakione.

Sikio, mdogo wangu, gari lako halikuwa na kosa, na sikio ulikuwa nalo. Lala, upumzike.