Lia Kwanza, Mama

Wazazi, wachungaji, ndugu katika Bwana, majirani wa Lubunga na ninyi mliovuka mto tangu alfajiri, mimi ni Sadrack, mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo moyo wangu unaikataa mpaka sasa.

Dada yetu Pélagie alizaliwa Yangambi tarehe 14 Machi 1961, baba yetu akiwa mtunza miche katika kituo cha utafiti wa kilimo, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akaletwa Kisangani kujifunza ushonaji, akapata diploma yake mwaka 1980. Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na Papa Édouard, mfanyakazi wa reli, ambaye tunaye hapa mbele, wakajenga Lubunga, na Mungu akawapa watoto wawili, Fiston na Joëlle.

Mwaka 1998 kanisa lilimchagua kuwa mama mshauri, na hapo ndipo wengi wenu mlimfahamu. Kwenye harusi alichelewa kila mara, hata yangu aliikuta watu wameshaanza kula, lakini kwenye matanga hakuna aliyemtangulia. Hakuanza na Biblia kama sisi wengine, alimtafuta kwanza mama mwenye msiba, ambaye mara nyingi alikuwa jikoni akihangaikia wageni, akamnyang'anya sufuria, akamketisha kwenye mkeka, akamwambia, "Lia kwanza, mama, neno ya Mungu iko, haitakimbia." Kisha alikaa naye mpaka amalize kulia, na baadaye sufuria zile aliziosha yeye mwenyewe. Wapo hapa wanawake ambao bila mkeka ule wangekuwa wameliacha kanisa zamani.

Tarehe 6 Novemba 2016 mtumbwi ulipinduka Fiston alipokuwa anavuka kurudi nyumbani, akafa maji, akiwa na miaka thelathini na moja. Tulijaa katika ua huuhuu, na kwa kuwa tulizoea kufarijiwa na Pélagie, kila aliyeingia alimwangukia yeye kifuani, naye akatupokea, akatupangusa machozi, akaanzisha nyimbo, akauliza nani hajala. Tulirudi makwetu tukimsifu, eti huyu kweli ni mama wa imani. Hakuna hata mmoja aliyemnyang'anya sufuria.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019, ukafika kwenye figo, na mwezi wa nane mwaka huu alilazwa, hakurudi tena nyumbani. Akiwa kitandani aliniambia, "Sadrack, siku ya Fiston nilingojea mutu aniambie nilie, bon, basi, mulikuwa munaimba tu." Alisema bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alifariki Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, jioni, mkono wake ukiwa katika mkono wa Joëlle.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata dawa zilipokuwa haba, majirani mliomsaidia Papa Édouard wakati nyumba ilipobaki tupu, mama washauri wenzake, na mafundi wote walioshona naye sokoni, Mungu awakumbuke katika siku zenu ngumu.

Lakini nawaomba, ndugu zangu, tusirudie tuliyoyafanya. Tangu mwili uletwe hapa, Joëlle hajaketi, ndiye anayewapokea, anayewabembeleza, anayewapa chai, nanyi mmeshaanza kusema kwamba amefanana na mama yake, na hata sasa ninaposoma ninamwona kule nyuma, amesimama na birika mkononi. Mama Marthe, uliye karibu naye, mpokee birika hiyo. Mlio kwenye mkeka, mpisheni.

Joëlle, mwanangu, keti. Lia kwanza, neno ya Mungu iko.

Na wewe, dada yangu, pumzika sasa kwa amani, sufuria za leo tutaosha sisi.