Maman Émérance Nabintu na Ruhusa Aliyotuombea

Ndugu na jamaa, kabla ya kumshusha dada yetu kaburini, tusikie maisha yake. Wiki hii yamesemwa mengi hapa Brussels, hata kwamba Maman Émérance alikufa kwa sababu imani yake ilipunguka. Familia inalikataa neno hilo, na itaeleza kwa nini.

Marehemu Émérance Nabintu alizaliwa tarehe 14 Mei 1954 huko Nyangezi, karibu na Bukavu, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Utotoni aliugua surua, akapona. Alisoma kwa masista hadi 1973, na walimkemea mara nyingi kwa kucheka wakati wa misa.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Papa Jean-Marie huko Kadutu, mjini Bukavu. Siku hiyo, akiwa na gauni lake jeupe, aliingia jikoni kuonja sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akasema haina chumvi, akaitia mwenyewe. Wageni walingoja, na hawakujuta. Mungu aliwapa Florent na Nathalie.

Walifika Ubelgiji mwaka 1986, wakapanga nyumba Anderlecht. Kuanzia 1988 alipakua chakula kwenye kantini ya shule moja ya Auderghem, upande wa pili wa jiji. Alimsubiri mtoto aliyekula polepole. Alimwongezea supu mwenye haya bila kuombwa. Wengi wenu mlipeleka watoto kule mbali kwa sababu yeye alikuwapo.

Mwaka 1994 alipatikana na saratani ya damu. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini Septemba 1995. Mwezi huohuo shule ilitaka kila mwanafunzi achanjwe surua. Papa Kabamba, kiongozi wa kundi letu la maombi, alifundisha kwamba anayepeleka mtoto kuchanjwa hamtegemei Mungu. Matone ya polio tu aliyaacha yapite, kwa kuwa sheria ya nchi inayadai. Akamtuma marehemu kwa mkuu wa shule, Madame Mariette, aombe watoto wetu wasamehewe kwa ajili ya dini. Madame alimuuliza, "Na wewe, Émérance, na damu yako hiyo, ukiambukizwa?" Akajibu, "Madame, Mungu iko. Bon, uniachilie tu batoto." Ruhusa ikatoka, kwa heshima yake yeye.

Aprili mwaka huu surua iliingia shuleni. Wasiochanjwa wakaamriwa kubaki nyumbani. Marehemu, upawa mkononi, akawaona watoto wa Papa Kabamba wamekaa mezani wakingoja supu. Aliwapakulia, maana mtoto hana kosa. Jumapili akamuuliza baba yao mbele ya kundi zima:

"Papa, batoto yetu yote beko ku nyumba. Ya kwako beko banakula. Ni namna gani?"

"Maman, ile ni mambo ya kuhamia Canada. Masomo ya kule ilikuwa inaomba, donc tulibachomesha shindano ya surua. Haiko mambo ya imani."

"Alors, na miye ulinituma niombe nini?"

Papa Kabamba alianzisha wimbo, na kundi likaitikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku chache baadaye homa ilimshika, kisha vipele. Alidhani surua ya Nyangezi ilikuwa imemkinga, lakini daktari alieleza kwamba matibabu ya saratani yalifuta kinga ile. Mapafu yakashindwa. Hospitalini hakulilia kufa, alilia kudanganywa. Alimwambia mdogo wake Rolande: "Ambia bamaman bachomeshe batoto. Ile ruhusa ni miye niliombaka. Narudisha." Papa Kabamba hakufika kumtazama. Alituma neno kwamba anafunga kwa ajili yake.

Maman Émérance alifariki Jumanne tarehe 7 Mei 1996, wiki moja kabla ya kutimiza miaka arobaini na miwili.

Ameacha mume wake Papa Jean-Marie. Wanawe Florent na Nathalie. Mama yetu aliye Nyangezi, ambaye hakuweza kuja. Na mdogo wake Rolande, anayesoma haya. Imani yake haikupunguka hata kidogo. Kuna waliomtuma na imani hiyo, wakabaki nyuma yake.

Udongo wa kwanza utatupwa na watoto wa kantini. Juzi mama zao waliwapeleka wakachanjwa, kama alivyoagiza. Watoto wa Papa Kabamba nao waje, aliwapenda. Papa Kabamba, wewe tunakuomba ubaki hapo ulipo.

Dada, ruhusa yako imerudi. Pumzika kwa amani.