Fungua Tuone: Fundi Aliyezirudisha Pampu Kuukuu Kazini

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofika kutoka kiwandani, anayesimama mbele yenu ni mdogo wa marehemu, aliyetumwa na familia kueleza maisha ya kaka yake, na kabla hajaanza ametakiwa aseme kwamba ile karatasi iliyoletwa juzi na ofisi, yenye picha ya rangi na nembo ya kampuni, familia imeisoma na kuiweka pembeni, kwa sababu inasema marehemu alipenda mabadiliko, na mtu aliyekataa kubadilishiwa kikombe cha chai kwa miaka kumi na tisa hafai kusingiziwa hivyo wakati hawezi kujitetea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala hilo, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akipewa pipi aliinusa kwanza, kisha akamtazama vizuri aliyempa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1969 hadi 1975, akaingia shule ya ufundi mwaka uliofuata, na kuhitimu Novemba 1979 na cheti cha ufundi mitambo, ingawa mwalimu wa karakana aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ni hodari ila haamini kitabu mpaka akafungue chuma mwenyewe, maneno ambayo baba aliyaona malalamiko na marehemu akayaona sifa.

Tarehe 3 Machi 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji, akaanzia kuunganisha mitambo, na mwaka 1990 akahamishiwa ukaguzi, ambako alipata jina la Fungua Tuone, kwa kuwa ukimletea pampu na sifa zake zote alikusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema maneno hayo mawili tu na kunyoosha mkono apewe spana.

Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kwamba imeingia katika kile walichokiita uchumi mzunguko, yaani pampu zilizochakaa zirudi kiwandani, zifunguliwe, zitengenezwe na kwenda tena kazini badala ya kutupwa, na wengine wakapiga makofi, lakini marehemu alihisi ni changa la macho, na tusifiche leo, hakukosea, kwa maana katika pampu arobaini za kwanza alifungua sita mbele ya mkurugenzi, akakuta rangi mpya nje na kutu ile ile ndani, akakataa kutia sahihi. Wengi walidhani unga wake umemwagika siku hiyo, ila mkurugenzi, haki yake apewe, alisimamisha mauzo, akampa banda, watu tisa, na ruhusa ya kudai anachotaka.

Alichodai kiliwashangaza wengi, kwamba kila mhandisi anayechora pampu mpya lazima kwanza aje bandani, avue koti, aifungue kwa mikono yake mwenyewe na kwa vifaa vya fundi wa kawaida, na wa kwanza aliyekuja alipambana saa tatu nzima na kifuniko alichoagiza yeye mwenyewe kibandikwe gundi, akatoka na vidole vinavuja damu, na mwezi uliofuata gundi ikaondolewa kwenye michoro na skrubu zikarudi. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyojifunza, si kwenye semina wala kwa vile vitabu vya ofisi vyenye jalada la kijani, na marehemu aliandika kila kosa na kila dawa yake katika madaftari kumi na moja.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1988 na mwalimu wa shule ya msingi, baada ya kumchunguza kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu mkuu na kwa muuza mkaa, na shemeji alipogundua hakukasirika, naye alikwenda kiwandani kumchunguza yeye, akaridhika, na wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Mwaka 2017 ofisi ilimleta mhandisi msichana ajifunze kwake, na hapa familia imekubaliana isifiche kitu. Marehemu aliwahi kuona mafundi wa idara nyingine wakifundisha vijana na kisha kuonyeshwa mlango, akaamini binti huyu ametumwa kumkamua ujuzi, basi akamwonyesha kinachofanyika bila kumwambia kwa nini, na kila jioni alirudi nyumbani na madaftari chini ya kopo la chakula, kwa miaka mitano, huku binti akijua, akiendelea kufungua pampu peke yake.

Tarehe 11 Aprili 2022 aligunduliwa kuwa na makovu kwenye mapafu, daktari akauliza habari za vumbi la rangi kuukuu, ofisi ikasema hakuna kilichothibitishwa, na familia inaendelea kuuliza. Aliacha kazi tarehe 30 Septemba, na bandani mambo yakaanza kuharibika, pampu zilizotengenezwa zikawa zinarudi baada ya wiki tatu, kwa sababu yeye peke yake alijua kugonga ganda la chuma na kusikia ufa usioonekana, ikaanza minong'ono kwamba banda lifungwe na wale tisa waende nyumbani.

Mhandisi alimtembelea kila Alhamisi bila kuuliza habari za madaftari, jambo lililomtia marehemu shaka zaidi, hata akamwagiza mkewe apekue mfuko wa machungwa aliouleta binti, mpaka Februari 2023, pumzi ikiwa imepungua sana, alipomwambia, "Binti yangu, nilikuficha, nilidhani umetumwa," naye binti akamjibu, "Nilitumwa kweli, mzee, lakini hizi Alhamisi nakuja mwenyewe."

Tangu hapo maganda ya pampu yaliletwa chumbani, yakapangwa kando ya kitanda, akawa anagonga na kueleza, wale tisa wakija kwa zamu, wakamaliza madaftari saba. Alifariki tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Siku ya pili ya msiba ofisi ilituma gari kuyachukua madaftari, shemeji akawapa chai na kuwarudisha mikono mitupu, na leo, mbele yenu nyote, anamkabidhi yote mhandisi na wale tisa, yakae mezani bandani, maana banda lisilokuwa nayo ni rahisi kulifunga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, na wafanyakazi wenzake waliobeba vyuma vile vizito mpaka kitandani kwake.

Kaka, madaftari manne ya mwisho yamejaa alama ulizozijua wewe tu, tumeyapitia na hatuelewi kitu, na watu tisa hawajui kama kazi yao itafika mwakani, kwa sababu ulichelewa kumwamini mtu mmoja. Tunakulaumu kwa hilo, na tunakulilia. Pumzika kwa amani.