Maisha ya Mama, Mwalimu Aliyekataa Kusaini Vipindi Hewa

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mwanawe wa kwanza, kazi ya kusoma historia ya mama yetu, na mwongoza ratiba amenipa dakika saba tu, kwa sababu tumeanza saa moja na nusu baada ya muda uliopangwa, tukimsubiri mkuu wa shule, karibu mwalimu, kiti chako ni kile cha mbele.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na muuza mboga, akaanza darasa la kwanza Januari 1974 badala ya 1973, kwa sababu siku ya mwisho ya kuandikishwa babu alimkuta karani keshafunga ofisi saa nne asubuhi, akaambiwa arudi mwakani, hivyo mama alipotezewa mwaka mzima kabla hajashika kalamu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980, kidato cha nne 1984, kidato cha sita 1986, na chuo cha ualimu, fizikia na hisabati, Novemba 1988.

Tarehe 9 Januari 1989 aliripoti katika shule aliyofundisha hadi mwisho wake, akakuta ratiba imebandikwa ukutani na darasa halina mtu, wanafunzi wote wako uwanjani wanafyeka majani, wakafyeka wiki mbili, kisha wakafanya mazoezi ya nyimbo za kumpokea mgeni ambaye hakuja, na mwisho wa mwezi walimu wakaitana ofisini na kalamu zao. Kwa msiokuwa walimu, kila darasa lina shajara, daftari ambamo mwalimu anaandika alichofundisha kila kipindi na kuweka saini, na desturi ya pale ilikuwa kukaa pamoja siku ya mwisho wa mwezi, chai mezani, na kusaini vyote kwa mkupuo, vilivyofundishwa na vilivyofyekewa majani. Mama alisaini vyake sita alivyofundisha, na kwenye mistari mingine yote akaandika neno moja, halikufundishwa, yaani somo, na ndilo likawa jina lake ofisini, Mama Halikufundishwa, hata watoto wa walimu walimwamkia hivyo.

Tarehe 13 Juni 1992 alifunga ndoa na baba yetu, fundi nguo, ambaye atanisamehe nikisema hajawahi kutoa nguo siku aliyoahidi, maana ndoa yenyewe ilikuwa ya tarehe 6, ikasogezwa wiki nzima kwa kuwa suti ya bwana harusi haikuwa na mikono, na mama alimwambia, “Wewe mume wangu ungefaa sana kuwa wizarani.” Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1995, mdogo wangu wa kike 1998, na kitindamimba 2003.

Mwaka 2004 alipewa barua ya kuondolewa kwenye madarasa ya mtihani, with immediate effect, yaani kuanzia siku ile ile, kosa lake ni kumwachia mkaguzi asome shajara, akarudishwa miaka mitatu baadaye kwa sababu mwalimu mwingine wa fizikia hakuwepo.

Sasa nasema jambo ambalo mama aliniruhusu kulisema. Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha nne katika darasa lake, na mwaka huo kalenda ya shule ilibadilishwa mara mbili katikati ya safari, wiki thelathini na tisa zikabaki ishirini na nane, mada hazikupungua hata moja, na tangazo likatoka kwamba darasa ambalo shajara yake ina mapengo halitafanya mtihani. Vipindi arobaini na kimoja vya umeme havikufundishwa. Mkuu wa shule wa wakati huo alimwambia, “Mwalimu, leo ni mwanao,” na mama akakaa mezani, akasaini vyote arobaini na kimoja, akarudi nyumbani akalala bila kula.

Nilifaulu. Nikaenda chuo kikuu kusomea umeme, kile kile nisichofundishwa, nikatoka mwaka 2018 na digrii ya kusukumwa kwa nyuma kama gari bovu, na tangu hapo nina bahasha saba za majibu ya maombi ya kazi, zote we regret to inform you, na wajomba zangu mnaoniuliza kila msiba kama nimepata kazi, jibu ni lile lile, sijapata.

Februari 2025 miguu yake ilianza kuvimba, akapewa tarehe ya kipimo wiki tisa mbele, akasema, “Kumbe na hawa wana mihula,” na kipimo kilipofika, figo zilikuwa zimechoka. Alilazwa wodi ya pili, kitanda namba kumi na moja, na siku ya kwanza aliniagiza nilete ubao mdogo na chaki, akaanza kunifundisha umeme, kipindi dakika arobaini kamili, nikichelewa ananiuliza, “Umetoka kufyeka?” Tulifika kipindi cha thelathini na nane. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili waliovumilia vumbi la chaki, majirani mliotupikia na kulala nasi matangani, na walimu wenzake mliokuja wote, hakuna aliyebaki. Mama aliagiza shule isifungwe kwa ajili yake, imefungwa, kwa heshima, tumeambiwa, na wanafunzi mmesimama juani tangu asubuhi.

Jana niliichukua ile shajara ya 2012, mama aliitunza chini ya godoro, na kwenye vipindi vitatu vya mwisho nimekata saini yake na kuandika kwa mkono wangu, halikufundishwa. Walimu, mwisho wa mwezi mtakaa tena na chai yenu, mtafika mstari wa leo, Ijumaa tarehe 10, vipindi vinane kwa kila darasa. Msisaini.

Pumzika kwa amani, Mama, kipindi chako ulikifundisha.