Goli la Kulipia

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alishika simu kama ameshika yai. Haki za kuonyesha fainali ya mwaka huu zimenunuliwa na kampuni moja. Huioni mpaka uilipie.

“Nimelipa, dada,” alimwambia muuguzi aliyekaa kando yake, ambaye hata hakuwa anamjua. “Lakini kila mechi, goli nalisikia kwanza kwa jirani mwenye redio. Hapo katikati wanalifanya nini goli langu?”

“Picha huchelewa tu, kaka. Redio ni ya bure, ya wote.”

“Cha bure kiniwahi mimi niliyelipa? Hapa kuna namna. Kuna wakubwa wanaliangalia kwanza.” Akanitupia jicho hata mimi, kana kwamba nina hisa.

Tulikuwa tunaingia kituo cha mwisho redio ya dereva ilipolipuka: goli! Abiria wakainuka wakishangilia, muuguzi naye. Fundi hakutikisika. Kwenye simu yake mpira ulikuwa bado mikononi mwa kipa.

“Si ni timu yako, kaka? Mmefunga!”

“Hilo ni lenu.”

Dereva akazima injini. “Shuka basi, tumefika.”

“Tangulieni,” akasema bila kuinua macho. “Langu bado halijaingia.”