Sisimizi wa Mzee Chediel

Tangu Manyoni kosta ilikuwa imesimama mara mbili, na mara zote aliyeshuka kuchimba dawa kichakani ni Mzee Chediel, jirani yangu wa kiti. Alipoomba tena, mama wa kiti cha mbele akageuka. “Shikamoo baba. Umepima?”

“Marahaba. Nipime nini? Ni yutiai, ugonjwa wa mkojo. Nimeshameza dozi tatu.”

“Nani kakwambia?”

“Mwenye duka la dawa,” akajibu, kama anayemtaja daktari bingwa. “Ila usiku naamka mara tano. Na nikikojoa nyuma ya nyumba, asubuhi sisimizi wamejaa pale. Nimewanyunyizia sumu, hawaishi.”

Mama akashusha pumzi. “Baba, waache sisimizi. Wanafuata sukari iliyo kwenye mkojo wako. Leo hii nenda hospitali ukapime sukari, siyo dukani.”

“Mimi hata chai nakunywa bila sukari,” mzee akasema, sasa amekasirika. “Sukari itoke wapi?”

Kosta ikasimama Mkiwa. Mzee akakimbilia nyuma ya vibanda, akarudi na soda mbili za baridi. Moja aliimaliza palepale mlangoni. “Kiu hii itaniua,” akatuambia, akafungua ya pili.