Shimo Nyuma ya Zizi

Shikamooni wazazi wangu mlioketi mbele. Na wenzangu wa kikundi, habari za tangu misa. Haya maneno nimekuwa nikiyaandika na kuyafuta wiki nzima, mpaka jana mama akaninyang'anya kalamu. Kwa hiyo mtasikia kilichobaki. Mkikuta sentensi mbovu, vumilieni. Zamani nisingethubutu kuwaomba hivyo.

Wengi mnanijua kama yule kijana anayejifungia na kompyuta. Ndiye mimi. Darasani sikusomea kitu hiki, nilijifunza kwa video za mtandaoni, na bando alininunulia dada yangu, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu pamoja na shangazi yetu. Mjomba wetu anaendesha lori, anapakia Isaka. Siku moja aliniletea kimashine cha gemu cha mtumba, kile cha kushika kwa mikono miwili, kioo kimekwaruzika. Nikaamua kwamba lazima nitengeneze gemu yangu mwenyewe ichezwe humo.

Ilikuwa hivi. Msichana aliyejifunga kitenge anaruka kutoka jiwe hadi jiwe akitafuta ng'ombe waliopotea. Haikuwa picha bapa. Unaweza kumzunguka, ukaona nyuma ya jiwe, ukaona korongo lilivyo na kina ukaogopa. Msichana huyo ni dada. Tulichunga wote tukiwa wadogo, kwenye vilima vya mawe nyuma ya kwetu. Yeye alipanda kwanza, na akifika juu anaita, "Upo?" Nikijibu "Nipo," ndipo ananyoosha mkono kunivuta.

Alipochumbiwa na mtu wa Isaka, nikamwahidi gemu ndiyo itakuwa zawadi yangu kwenye sendofu yake, sherehe ya kumuaga. Aicheze mbele ya watu, kisha aende nayo kwake.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuzama. Nilitumia mwezi mzima kwenye mkia wa ng'ombe. Dada akichungulia, "Nimeshaanza kuruka?" namjibu, "Bado mkia." Akacheka, "Nitaolewa nina mvi, wewe bado uko kwenye mkia."

Halafu nikagundua shimo ndani ya gemu. Nyuma ya zizi, kwenye kona moja, msichana akikanyaga, ardhi inamwachia. Anapita chini ya dunia yote na kuendelea kuanguka kwenye weupe usio na mwisho. Nikiziba hapo, panafunguka pengine. Nikaacha kula na wenzangu. Nimekaa tu, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Nikaanza kujiambia kwamba mtu anayeshindwa kuziba shimo moja hana sababu ya kuwepo duniani. Hili nalisema polepole, kwa sababu najua humu ndani yupo aliyewahi kujiambia hivyo.

Dada alikuja mlangoni kwangu. "Upo?" Sikumjibu. Alirudi tena na tena, na kila mara nilinyamaza.

Wiki ya sendofu nikafuta kila kitu kwenye kompyuta. Kimashine kilibaki na nakala ya zamani ya gemu, yenye shimo lake, nacho nikakifukia ndani ya gunia la mchele lililokuwa chumbani kwangu. Nikamwambia dada kupitia mlango, "Gemu hakuna."

Akanijibu, "Sawa. Basi njoo mwenyewe."

Sasa nawaambia, mtu mwenye akili timamu angejiuliza gunia zima la mchele linafanya nini chumbani kwake wiki ya sherehe. Mimi sikujiuliza. Mama alikuja kuuchota apike pilau, mkono ukagusa kitu kigumu. Akaondoka nacho chini ya mchele.

Siku yenyewe nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria. Emsii akaita zawadi za familia, na mama akaingia akicheza, kimashine kichwani, amekifunga kwa kitenge. "Hii imetoka kwa mdogo wake bibi harusi," akatangaza. Nikajibanza nyuma ya sufuria la pilau.

Dada akakiwasha pale pale, mashangazi wamemzunguka. Akaruka jiwe la kwanza, wakapiga vigelegele. Akaruka la pili. Halafu, kana kwamba kuna aliyemtuma, akaelekea nyuma ya zizi.

"Kaenda wapi?" akauliza shangazi yule wa machimboni.

"Kaanguka, shangazi," dada akajibu.

"Mbona sioni chini?"

"Hakuna chini."

Shangazi akavaa miwani. "Huyo kaingia duarani. Na nyie mnamtazama tu? Nani kabaki juu? Vuteni kamba."

Kule machimboni duara ni shimo la dhahabu, na mtu hashuki bila mwenzake kubaki juu ameshika kamba. Wachimbaji waliokuwa wateja wa dada wakasimama, wakaanza kuvuta kamba isiyokuwepo, hatua nyuma, hatua mbele. DJ akawawekea muziki. Ukumbi mzima ukavuta. Mmoja akalalamika, "Mzito huyu, kamaliza pilau peke yake." Dada alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Alipoanza upya, alikwenda moja kwa moja shimoni kwa makusudi.

Kisha akachukua kipaza sauti, akatazama huku na huku. "Upo?"

Watu wakageuka. Nikasema, "Nipo." Sauti ilitoka pamoja na machozi.

Sikupona siku hiyo. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuja nyumbani kunileta kwenye kikundi hiki, na muuguzi mmoja akanieleza kwamba hofu yangu ni ugonjwa na ina tiba. Gemu nimeianza upya, na kila Jumamosi nawaonyesha wawili watatu kati yenu ikiwa bado mbovu. Mmoja aliniambia ng'ombe wangu anatembea kama mbuzi aliyelewa. Usiku ule nililala vizuri.

Mama, asante, wabeja. Shangazi, mjomba, nyote, wabeja sana. Dada amekuja leo na mumewe, wameketi pale dirishani, na sitamtazama kwa sababu nitashindwa kumaliza. Nilichojifunza ni kidogo: kazi yako waonyeshe watu kabla haijawa nzuri, na mtu akikuita mlangoni, mjibu, hata kama huna la kumwambia.

Kimashine, ambacho dada ameniazima nitie gemu mpya, kiko hapa mezani, atakaye acheze. Nyuma ya zizi shimo bado lipo, nimeliacha makusudi. Ukianguka humo, subiri kidogo, utasikia sauti ya dada kutoka juu ikiuliza, "Upo?" Bonyeza kitufe chochote. Kamba itashuka.